Karatasi Inayongoja Mkono wa Tatu

Shangazi Eunice mpendwa, naomba unisaidie, na zaidi naomba usichapishe jina langu maana mji wetu ni mdogo na watu wana midomo, mimi ni fundi wa mitambo ya kufumia, nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha mashuka hapa kwetu Carolina mpaka kilipofungwa mwaka jana na kazi ikahamishiwa Honduras, na mke wangu naye alikuwa humo humo akishona pindo, tukatoka lango moja siku moja.

Sasa serikali ina msaada kwa watu wa nguo waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje, unalipiwa chuo na ukiwa unasoma unapata posho ya kila wiki, lakini lazima wafanyakazi watatu wasaini ombi, na lazima lifike kabla mwaka haujaisha tangu tuachishwe, na mwaka unaisha Ijumaa ijayo. Mke wangu amesaini, anataka kusomea uuguzi, na Verna wa idara ya nyuzi amesaini, anakosekana wa tatu, na kila wanayemwendea anasema fundi akisaini na mimi nitasaini, yaani macho yote kwangu.

Shangazi, siwezi. Baba yangu alisaini kadi ya chama cha wafanyakazi Jumanne moja nikiwa na miaka sita, nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kiwanda, na Alhamisi vitanda vyetu vilikuwa barabarani vinanyeshewa, baba akaniapisha nisije nikaweka jina langu kwenye karatasi yoyote inayopitishwa kwa wafanyakazi, na sijaweka mpaka leo, hata kadi ya pole kwa mfiwa namwachia mke wangu. Isitoshe Bwana Hal, mwenye kiwanda, alitushika mikono siku ya mwisho akasema sisi ni familia yake, je, akisikia nimemshitaki serikalini, na siku akifungua tena si ataanza kuwaita wale walionyamaza?

Mke wangu anaiweka ile karatasi chini ya sahani yangu ya asubuhi, nakula maini ya nguruwe huku nimeinua kiwiko nisiiguse, na jana akaniambia, "Wewe mzee, karatasi haiumi. Mimi ndiye nitakayekuuma." Nishauri namna ya kumtuliza.

Ni mimi, Msomaji Wako wa Siku Nyingi.

*

Msomaji wangu wa siku nyingi,

Hata barua ya kuomba msaada umeshindwa kuitia sahihi. Nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira bado ninayo. Kuhusu jina lako, Coy, mji huu una fundi mmoja tu ambaye mkewe anataka uuguzi na vitanda vya baba yake vilitupwa nje, kwa hiyo tusichezeane.

Pole kwa baba yako, na ni pole ya kweli. Mama yangu aliwapikia maharage jioni ile, mimi ndiye niliyetumwa na sufuria, nikaiweka chini nikakimbia kwa sababu msimamizi alikuwa anaandika majina ya waliosimama pale. Woga wako naujua, tumelelewa nao sote. Lakini baba yako alifukuzwa na kiwanda kilichokuwepo. Chako kiko wapi? Nenda kaangalie: lango lina kufuli na magugu yamefika kiunoni. Nani atakuachisha kazi, Coy? Kazi gani?

Ati Bwana Hal. Nani aliifungua mitambo ile skrubu moja moja, akaipaka grisi, akaifunga kwenye makreti? Ni wewe. Uliwafundisha wale mafundi wawili kutoka Honduras namna ya kusikiliza mtambo unapokohoa, na wao hawana kosa, walikuwa wanatafuta riziki. Na juu ya kila kreti ukaandika jina lako kwa rangi nyeusi, ili wakikwama wajue wamuulize nani. Wameuliza? Jina lako limefika Honduras bila woga wowote, ila kwenye meza ya mkeo ndipo linaona haya.

Bwana Hal yuko Florida anacheza gofu. Ombi halimshitaki mtu. Linasema tu kwamba kazi ilikwenda nje, jambo ambalo hata mbwa wa mlinzi analijua, na fedha ni za serikali, kodi yako mwenyewe imo. Kufungua tena atafungua na nini, na wewe ndiye uliyempakilia?

Na hao wenzako mia mbili wanaongoja fundi aanze, Jumapili nimewaona kanisani wakiimba habari za ujasiri kwa sauti ya kutikisa madirisha. Nao waone aibu.

Umeuliza namna ya kumtuliza Wilma. Wilma hatulizwi. Ana miaka hamsini na minne, vidole vimepinda kwa kushonea watu wengine mashuka, na nafasi hii ikipita hapati nyingine. Ukimnyima hatakusamehe, wala mimi sitamshauri akusamehe. Unaogopa kutolewa nyumbani. Leo mwenye uwezo wa kukutoa kwenye nyumba hiyo ni mtu mmoja tu, naye ameshasaini.

Gazeti hili linatoka Jumatano, Ijumaa ni keshokutwa. Kesho ofisi ya kazi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Vaa shati safi, chukua kitambulisho na barua ya kuachishwa kazi, usaini mbele ya karani. Kisha muulize masomo ya kutengeneza viyoyozi, maana mikono yako bado ni mizima na joto la huku haliendi Honduras. Nimeshampigia Wilma simu. Yeye na Verna watakuwa ndani ya gari nje ya mlango wako saa moja na nusu. Usiwafanye wapige honi.