Kizibo cha Lastavica

Donja Vala,
Kisiwani,
9 Mei.

Mpendwa mjukuu wangu Vicko,

Mbayuwayu wamerudi wote chini ya paa langu, hata yule mwenye mguu mbovu, na walikotoka ni mbali kuliko huko Uswidi. Wewe una miguu miwili, una ndege, una feri, na hiki ni kiangazi cha nne sijauona uso wako. Kuna nini huko? Wamekufunga kamba? Au umepata mwanamke asiyependa harufu ya dagaa? Mlete, tutamzoeza. Haya, nimekwisha kufoka. Sogea nikubusu, mume wangu mdogo.

Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekwisha? Mama yako aliniambia kwenye simu kwamba unakula mkate mkavu huku umesimama. Anayekula amesimama ni punda, Vicko. Keti. Pika supu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa magoti, na hayo yananisumbua upepo wa baridi wa bura ukivuma tu. Mizeituni imechanua vizuri. Paka wako yupo, amenenepa, hana kazi.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Unajua sikukaa darasani hata siku moja; herufi nilifundishwa gatini na marehemu babu yako, tukisoma majina ya mashua. Lakini safari hii si herufi zilizonishinda. Ni aibu. Basi naisema kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Mashua yako, Lastavica, ilizama. Ilizama palepale gatini, kijiji kizima kinatazama, na aliyeizamisha ni mimi. Mashua imekwisha kuopolewa, usishike kichwa. Ninachoona haya kukuandikia ni kwamba kosa langu nilimtwika Mzee Bartul, fundi aliyeiunda pamoja na babu yako, na kidogo tu ahamishwe kisiwani kwa ajili ya mdomo wangu.

Tulianza vizuri. Baridi ilipolegea tukaivua turubai, ikawa imekaa juu ya vigogo vyake kavu kama mfupa. Bartul akalala chali chini yake, kwa umri ule, akikwangua rangi ya zamani. Akang'oa nyuzi zilizooza kati ya mbao, akatia kalafati mpya, akazipigilia kwa nyundo yake ya mti, ko ko ko, mpaka nikawa nasikia mlio huo hata nikiwa kanisani. Mimi nilishona tanga kubwa pale lilipotafunwa na panya, nikapaka vanishi mpini wa usukani. Alikuwa akipiga mluzi. Nilikuwa nampelekea kabichi na nyama ya kondoo, tukala kivulini mwa mashua kama vijana.

Lakini siku hizi alikuwa akisahau. Aliniita Luce, jina la marehemu mkewe. Alitafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Kijiji kilianza kunong'ona, na binti yake Nevenka alipokuja kutoka Zagreb, kule bara, kwa Pasaka akayaona mwenyewe. Akaniambia nikiwa naanika nguo, "Bibi Perina, kosa moja kubwa zaidi, namchukua. Nimekwisha kumpatia nafasi kwenye nyumba ya wazee." Zagreb! Mtu ambaye hajalala hata usiku mmoja mbali na maji. Nikamwambia amwache baba yake, nitamwangalia mimi. Nilisema hivyo kwa kinywa hikihiki.

Kizibo unakijua. Ni kile cha mzeituni alichochonga babu yako. Mashua ikipandishwa nchi kavu, tunakichomoa kule chini ngamani ili maji ya mvua yatoke, na kwetu sisi mwanamke wa nyumba ndiye hukitunza, nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola, mpaka siku ya kushusha. Siku hiyo hukitoa mwenyewe, akampa fundi mkononi, fundi akakipiga nyundo, ndipo mvinyo unamwagwa. Mama mkwe wangu alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo tangu nilipoolewa, wala sijawahi kukosea.

Siku ya Mtakatifu Juraj, ndiyo siku ya kushusha, nilikitoa alfajiri nikakitia mfukoni mwa aproni. Kisha nikaanza kukaanga maandazi ya wageni. Mara jirani yetu Mandalina akapita mlangoni, akasema ile mashua ya plastiki ya mwanawe imekwisha kuoga tangu jana, na sisi je, bado tunakwangua jeneza letu? Nikawaka. Nikaona nimejaa mafuta na unga, na watu wanakuja. Nikaivua aproni ile, nikavaa nyeusi ya hariri, ya sikukuu. Kwa sababu ya majivuno, Vicko. Nikatoka na chupa ya mvinyo na kitawi cha mzeituni, na kichwani mwangu kila kitu kilikuwa kimekwisha kutolewa.

Winchi ilikuwa imekwisha kuiinua. Watu wamejaa gatini, padri amefika, Bartul anaingia na kutoka mashuani kama nyuki. Akanijia.

"Perina, kizibo?"

"Nimekwisha kukupa."

Akajipapasa mifuko. "Sikumbuki kukipiga nyundo."

Nami, badala ya kujipapasa yangu, nikacheka, nikapaza sauti ili Mandalina asikie. "Hukumbuki! Juzi ulitafuta penseli na iko sikioni. Kesho utaniuliza mimi ni nani. Shusha mashua, mzee, mvinyo unapata moto!"

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekamatwa. Akasema, "Basi. Ukisema umenipa, umenipa." Unaelewa? Aliniamini mimi kuliko kichwa chake.

Ikashushwa. Ikaanza kuingiza maji, na hakuna aliyeshtuka, maana mashua ya mbao ikirudi baharini lazima ilie kidogo mpaka mbao zivimbe. Bartul alitaka kwenda kufunua sakafu atazame. Nikamshika mkono wa shati, "Iache ilie, imetoka ukame. Kunywa kwanza!" Mikanda ya winchi ikaachiwa. Tukanywa. Padri akabariki. Na Mandalina ndiye aliyeona kwanza, akasema, "Perina, hii yako hailii, inaomboleza."

Tulipogeuka tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Ikakaa chini taratibu kama mwanamke mnene anayeketi kitini, mlingoti ukaegemea gati, magodoro yakatoka yakielea, na kofia ya babu yako juu yake.

Hapo nikapiga kelele. Nilisema nilimpa kizibo mkononi, amekitupa wapi, ameua mashua ya marehemu mume wangu Grgo, mzee asiyejijua atafute kiti akae. Yote hayo niliyasema.  Bartul akasema polepole, "Labda nimesahau mimi. Nisamehe, Perina." Akaiweka nyundo yake chini, karibu na viatu vyangu, akaenda zake nyumbani. Nevenka hakunitazama. Aliitazama ile nyundo.

Siku ya kufua, aproni ya jikoni ikagonga beseni, ko. Nikaijua sauti ile kabla ya kutia mkono mfukoni.

Sasa sikiliza jambo ninalolionea haya kuliko kuzama kwenyewe. Sikukimbilia kwake. Nilikaa sakafuni, kisha nikainuka, nikakirudisha kizibo nyuma ya picha, nikaanika aproni. Nikajiambia ni mzee vilevile, hata asiposahau leo atasahau kesho. Nikajiambia Zagreb kuna madaktari. Mimi, bibi yako, niliyekuchapa kwa kumsingizia paka kwamba kala maandazi! Kupitia dirishani nilimwona Nevenka akifunga sanduku la baba yake kwa kamba, nami nikafunga pazia. Mtakatifu Nikola sikumwashia taa, maana ningemwashiaje akiwa ameficha mali ya wizi mgongoni?

Asubuhi ya feri mlango ukabishwa. Ni Bartul, amevaa koti la mazishi. Ameniletea mkebe wa rangi nyekundu uliobaki, eti usipotee. Nikampokea. Hakuondoka. Akazungusha kofia mikononi, akasema, "Perina, nisaidie jambo moja. Nionyeshe tulisimama wapi uliponipa kile kizibo. Nikipaona mahali penyewe labda nitakumbuka. Sitaki kwenda Zagreb na tundu hilo kichwani."

Vicko, ningependa ardhi ipasuke. Nikaenda kwenye picha, nikakitoa, nikamtia kiganjani.

"Hatukusimama popote," nikamwambia. "Sikukupa. Kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikiona siku ya kufua, nikanyamaza."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alikigeuza kizibo, akakigeuza tena, akauliza, "Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau."

"Sikusahau," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Niliuliza. Niliuliza, au sikuuliza?"

"Uliuliza, Bartul. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alifurahi mno, na furaha yake ile bado inanichoma mpaka leo. Afadhali angenipiga kwa mkebe wa rangi.

Nikamshika mkono, tukateremka gatini. Feri ilikuwa imekwisha kufunga kamba, watu walewale wamesimama. Niliona kama nilimtukana kwa sauti kubwa, siwezi kumtakasa kwa kunong'ona. Nikapanda juu ya gogo la kufungia kamba, na magoti haya, nikasema yote, tangu aproni mpaka pazia. Hakuna aliyecheka. Nevenka akaniuliza, "Na penseli? Na kumwita mtu jina la mama?" Nikamjibu, "Hayo ni kweli, mwanangu. Hili la mashua si kweli, na hili ndilo unalomchukulia."  Kisha akamrudishia baba yake sanduku, akapanda feri peke yake. Amesema atarudi vuli kutazama. Hakuniaga, na ana haki.

Mandalina naye aliniletea sahani ya tini kavu bila neno lolote la kejeli. Hapo ndipo nilipojua nimeanguka kiasi gani.

Lastavica sasa iko tena juu ya vigogo. Tumeiosha kwa maji baridi ya kisima, magodoro yameanikwa juani, mashine yake imefunguliwa vipandevipande mezani kwa Bartul, na yeye anapiga mluzi. Mimi namshikia taa na kumpa kila anachoomba. Kizibo nimekataa kukitunza tena. Kiko kwake, kwenye msumari juu ya kitanda. Hatutaishusha mpaka uje. Tumekubaliana hivyo, na padri amekubali, ingawa amesema safari hii atabariki kabla watu hawajanywa.

Shangazi yako Jakica anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi za sufu alizokufumia. Mjomba Šimun anakusalimu, jino lake limetoka. Bartul anakusalimu mara mbili, kwani aliniambia asubuhi na akaniambia tena jioni. Nakuombea Mungu akuwekee upepo mzuri mgongoni, mkate mezani, na ulimi mfupi kuliko wa bibi yako.

Ukija, na utakuja kiangazi hiki, ukishuka feri usianze kwangu. Pita kwa Mzee Bartul, umwombe kizibo, ukibebe mwenyewe, naye kando yako, mpaka kwenye mashua. Njiani atakuuliza kiko wapi. Akishauliza atakuuliza tena. Hata akiuliza mara kumi, usithubutu kumwambia umekwisha kumjibu. Fungua kiganja, mwonyeshe.

Ni mimi, ninayekupenda hata nikikufokea,
Bibi yako Perina.