Nilimwambia Haina Neno

Jumatatu, 6 Oktoba

Tk, tk, tk, kisha kimya. Nimerudi nyumbani na mlio huo sikioni. Mchana nilikuwa nasafisha feni ya kompyuta, kazi ya kila siku, Bi Saada akaingia dukani na diski yake kaifunga kwenye leso. Alinifundisha Kiswahili darasa la sita. Ndani ya diski mna sauti ya marehemu mama yake: faili thelathini na moja za hadithi, nyimbo na vitendawili, kwa Kimtang'ata cha zamani. Haifunguki, inatoa mlio huo tu. Nilimuuzia mimi, mwezi wa Juni.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kusoma. Diski ilikuwa ya mtumba. Nilipoipima kabla ya kuiuza nilikuta sekta mbovu, vipande visivyoweza tena kuhifadhi kitu, zimekusanyika mwanzoni. Sikuitupa. Niliigawa upya, nikaliruka eneo bovu, kompyuta ikaiona nzima. Bi Saada aliuliza kama ina kasoro.

"Haina neno, mwalimu."

Tena, alipokwisha kuzihamishia humo sauti za mama yake, nikamshauri afute zile za kwenye simu, apate nafasi. Akafuta.

Ubovu haukukaa nilipouwekea mpaka. Umetambaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kosa la pili. Nilipaswa kunakili kwanza kila kinachosomeka, mengine baadaye. Kwa hofu nikaanza na programu ya kurekebisha. Kutwa nzima imeikwangua diski iliyokwishachoka. Asubuhi faili ishirini zilionekana. Alasiri, kumi na mbili.

Mjinga mimi. Na shahada yangu ukutani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimenakili tisa. Nyingine hazitoki, na hazitatoka.

Katika ya mwisho bibi, mama yake Bi Saada, anatega kitendawili. Bi Saada anashindwa. Bibi anacheka, anasema, "Nipe mji." Hapo inakatika.

Nimeirudia mara nyingi.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi Saada amekuja. Nikamwekea ile ya mwisho. Alicheka pamoja na mama yake, kisha sauti ikakatika, naye akaendelea peke yake.

"Nilimpa Muheza. Akaikataa! 'Machungwa ninayo nyumbani, nipe Pangani.' Nikampa Pangani, ndipo akasema jibu."

Nikamuuliza jibu lilikuwa nini. Limempotea.

Kisha akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nadhani niliichomoa vibaya. Mikono yangu hii, haina subira."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha. Nikanyamaza. Nikamwacha aondoke na kosa langu. Hili ni baya kuliko la Juni. Juni nilikuwa mzembe. Leo nilijua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikufungua duka.

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi nimekwenda Chumbageni. Bi Saada alikuwa barazani kwake akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea mkeka. Sikuketi. Ningeketi ningenyamaza tena. Nimemwambia yote: kwamba niliujua ubovu kabla hajaishika diski, nikaufunika, nikamdanganya.

Aliuweka ungo chini.

"Kumbe si mimi," alisema.

Hakuniambia niende wala nikae. Nikaondoka.