Kasala Yako, Hapa Gare

Mama,

Ninakuandikia ndani ya wagon, karatasi iko juu ya goti. Treni haijatoka hapa gare, hii stesheni. Tata Kalala, yule jirani yetu wa kushona viatu, amefunga mulango na kamba, maana vijana benye fimbo, bale benye kutufukuza, bangali pale kwenye daraja, banatuangalia tu. Mudogo wangu Kapinga amelala juu ya miguu yangu. Nimetufunga na kitambaa chako cha kichwa, upande mumoja mukono wake, upande mumoja wangu. Mama, mi naogopa. Nimelisema. Hukutaka kamwe nitamke hilo neno, ulisema woga unakaa kwenye shingo na unaharibu sauti. Haya, njoo basi unipige kofi. Hata kofi lako ningelipokea leo.

Tulikuzika nyuma ya gare, pale benzetu bengine ba Kasai balilazwa. Tumbo la kuhara lilikumaliza upesi, na mayi safi hatukuwa nayo. Tata Kalala alichimba, mi na Kapinga tukasukuma udongo na mikono. Hakuna aliyekuimbia. Weye, Mama! Weye mwenye hukukubali hata kuku achinjwe bila wimbo! Tulifanya mbiyo, midomo imefungwa, kwa sababu mutu akilia kwa Tshiluba, lugha yetu, hapa vijana banakuja. Nilijaribu. Nilifungua kinywa, pumzi tu njo ilitoka. Tangu siku ile nilikuwa nanong'ona kama mwizi.

Na nimekukasirikia, ujue. Nakulilia na nakukasirikia, yote pamoja.

Maana nani alileta shindano la kuimba mu nyumba yetu? Weye. Tata, baba yetu, alipokufa kule mugodini Mutoshi, kampuni ilianza kuulizia nyumba yake, na mu cité, mu mitaa yetu, batu balianza kusema ba Kasai barudi kwao. Usiku hulali, mchana unanitazama. Kisha ukasema, "Mutoto mwenye kupendwa na mji muzima, nani atamufukuza?" Parokia ilikuwa imetangaza shindano. Basi nikaisha. Tangawizi asubuhi, yai bichi, mayi ya baridi marufuku, kitambaa shingoni hata jua likiwaka namna gani. Ulipiga mwiko wa bukari juu ya mufuniko wa sufuria: "Umeanza chini sana! Rudia!" Narudia. "Chini sana!" Mpaka jirani anagonga ukuta. Mu salle ya parokia ulisimama nyuma kabisa, mikono juu, kinywa wazi kupita changu, batu banageuka kukuangalia weye. Na yule mwamuzi maskini, ulimukaripia mbele ya padri ati anatafuna karanga mutoto wako akiimba. Eh, Mama! Nilitaka sakafu inimeze.

Siku ya mwisho nilitaka kumaliza na wimbo wa Bikira Maria, ule kila mutu anaujua. Ukakataa. "Unamaliza na kasala." Kasala yetu, ile ya kuita bakubwa ba ukoo jina kwa jina, na mwenye kuitwa, kama yuko hai, lazima asimame ajibu. Nikakwambia, Mama, si sasa, husikii batu banasema nini sokoni? Ukanifunga kitambaa tena shingoni, kwa nguvu. "Mwimbaji bila bakubwa ni sufuria tupu."

Nikaimba. Niliimba vizuri, Mama, hilo siwezi kukataa. Mbombo alizaa Kabedi, Kabedi alizaa Ngalula. Na weye, Ngalula, ukapanda juu ya benchi, ukapiga vigelegele, ukajibu kwa sauti ya kutikisa mabati: "Ngalula niko hapa! Niko hapa na batoto bangu!" Salle nzima iligeuka. Ulikuwa unacheka, unangoja makofi. Hakuna aliyepiga. Mutu mumoja tu alisema, "Bilulu mpaka ndani ya parokia." Badudu. Sisi.

Juma lile mawe yalianguka juu ya nyumba. Halafu baliingia, banajua mulango ni upi. Balibeba kitanda, balibeba sufuria, hata mufuniko wako. Mumoja kati yao nilimutambua, alikuwa amekaa mustari wa mbele mu salle.

Tukakimbilia hapa gare kungoja treni ya kwenda Kasai; sasa sikia ya leo. Treni ilifika asubuhi na batu bote balisimama mara moja. Kusukumana, masanduku, kelele, na mukono wa Kapinga ukaniponyoka. Mama, nilikufa pale pale. Nikaita kwa ile sauti yangu ya kunong'ona. Tata Kalala akaita na kifua chake chote, "Kapinga! Kapinga!" Na ba Kapinga bakajibu kila upande! Nyumba gani ya kwetu haina Kapinga? Akaja mumoja munene, akaja bibi kizee. Wetu hapana. Treni ikalia. Batu ba wagon banatupigia kelele tupande ao tubaki.

Njia ilikuwa moja tu, na niliiogopa kuliko zote. Mara ya mwisho nilipoimba ile kitu, tulipoteza nyumba. Na vijana bako pale juu, banasikia kila kintu. Nikapanda juu ya sanduku la mutu. Nikaona ni kama uko nyuma ya bale batu bote, mikono juu. Nikafungua kinywa.

Mbombo alizaa Kabedi. Ikatoka, Mama. Mbaya, imekwaruza, lakini ikatoka. Kabedi alizaa Ngalula. Na pale nikanyamaza, maana pale njo weye unajibu. Bamama karibu yangu nao bakanyamaza, banajua kasala, banajua kwamba mutu anangojewa. Halafu kutoka upande wa tanki ya mayi, sauti ndogo, kali kama yako: "Ngalula niko hapa! Niko hapa na batoto bangu!"

Balimupitisha Kapinga juu ya vichwa, mukono kwa mukono. Jiwe likapiga wagon, lingine, tukaingia mbiyo. Bamama benye sijui hata majina yao balikuwa banakulilia, kwa sauti, kwa Tshiluba. Nikajua umeliliwa. Na Kapinga, kamasi mpaka kidevu, unajua alisema nini kwa mimi mukubwa wake? "Ya Ntumba, umeanza chini sana."

Nilicheka, Mama.

Kasai siijui. Nilizaliwa hapa, nilikula vumbi ya hapa, na Tshiluba yangu ni ya nyimbo tu. Banasema njiani batu banakufa. Nikimuangalia Kapinga naweka mukono karibu na pua yake, nione kama anapumua.

Wagon imetikisika. Nakuacha, Mama, mu udongo wenye umetukataa. Lala hivyo hivyo, usigombane nao. Naahidi hivi: kila mahali treni itasimama, nitaita jina lako, na Kapinga atasimama kujibu. Naogopa bado. Lakini nitaanza juu.

Mutoto wako,
Ntumba