Mluzi Nisiousikia

Jumanne, 4 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, wenye nyumba watatu, santuri, kaseti, na daktari mmoja aliyenikataza chumvi. Yeye mwenyewe alikuwa haigusi kabisa, maskini. Mimi bado nipo. Herufi zangu zinaegemeana kama walevi, lakini nyumbani zinafika.

Mdogo wangu wa kike kaja asubuhi na bintiye. Sauti imemkauka. Daktari wa koo kasema Jumatatu atamtoa koromeo lote. Uhai atabaki nao, sauti hapana. Atakuwa anaandika kwenye kibao, au anabonyeza kidude shingoni aongee kama redio iliyotumbukia kisimani. Kaeleza hivyo hivyo, huku anacheka. Mimi sikucheka.

Maisha yake yote kaimba nyuma ya watu. Mwitikiaji! Wimbo aliotunga mwenyewe haupo popote, upo kichwani mwake tu. Daktari kamruhusu auimbe Jumapili, mara moja. Koo halibebi zaidi.

"Kaka," kasema, "amsha lile zee lako."

Zee ni mashine yangu ya kurekodia. Ya tepu, ya valvu — zile taa za kioo zinazowaka kwa ndani kama makaa. Bendi zote za mji huu zilisimama mbele yake kwa adabu. Limelala chini ya turubai tangu studio ilipofungwa.

Mpwa wangu akadakia: Mjomba, simu yangu inatosha, tena inasafisha sauti yenyewe.

Inasafisha! Sauti ya mamake kwani sufuria?

Nimeapa. Jumapili zee litafanya kazi, na simu haitii mguu chumbani kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua mgongo wa zee. Mende wamejenga mtaa mzima, na barabara za kuingilia. Kapasita, vile vikopo vya kutunzia umeme, zimevuja uji mweusi. Nimeng'oa zote, nimelehemu mpya.

Kazi hii ina sheria moja. Mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupitia moyoni. Ndani ya zee umeme hubaki hata ukichomoa waya. Mafundi waliokuwa na haraka ya mikono miwili siku hizi siwaoni.

Fundi Saa wa mlango wa pili kaja kuchungulia. Eti: "Unalehemu au unapaka siagi?" Nikamwambia arudi kwenye saa zake, ambazo kila moja ina ukweli wake.

Valvu za zamani zimekwisha. Lile doa la fedha kichwani limegeuka jeupe kama maziwa — ujue hewa imeingia, mtu amefariki. Nikashusha kopo langu. Valvu zote humo zimelala ndani ya soksi. Kila moja naigonga kwa penseli na kusikiliza. Inayolia kama glasi haifai.

Bora kuliko zote ni Bibi Harusi. Nimemtunza kwenye soksi niliyoolea mara ya kwanza. Ndoa iliisha, soksi ipo. Nimemweka mlango wa kwanza, pale sauti inapoingia sisimizi ili itoke ndovu. Hakuna fundi mwingine aliye hai mwenye valvu kama hii. Wengine hawapo hai kabisa, kwa hiyo nimeshinda mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Limewaka!

Zee haliwashwi kavu kavu. Unapitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida. Balbu ikiwaka kali, kuna shoti, zima ukimbie. Ikiwaka kidogo ikafifia, vuta kiti. Ya kwangu ilififia kama mwali mwenye haya.

Nikavaa hedifoni. Kimya! Maji mtungini. Nikamwita Fundi Saa aje ajifunze.

Kavaa, kavua kama kang'atwa. "Mzee mwenzangu, kuna mluzi humu."

Mluzi? Nikavaa tena. Hakuna. Nikamwambia ni tik-tik za miaka yote zimemwozesha kichwa.

Jioni mpwa wangu kapitia akitoka kazini. Kavaa, uso umekunjamana. Naye eti mluzi, mwembamba, mkali. "Mjomba, ukiingia kwenye tepu utaharibu wimbo wa mama."

Wamepanga hawa. Mmoja wivu, mwingine simu. Masikio haya yaliwahi kumgundua mpiga gitaa aliyekosea akiwa bado anafikiria kukosea.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa kuwa sina wa kumwambia.

Mpwa wangu karudi, mara hii na Fundi Saa, kama polisi wawili. Kaishika simu mlangoni. Mlangoni! Nilisema isiingie chumbani, basi kaiweka kizingitini, mtoto mjanja yule. Kasema inapiga mlio unaopanda polepole, niinue mkono mlio ukitoweka.

Ukaanza. Ukapanda. Nikainua mkono. Nikasema haya, imezima, turudi kazini.

Mpwa wangu bado alikuwa amekunja uso. Fundi Saa alikuwa ameziba masikio, mzee mzima.

Nikasema simu mbovu. Nikasema mengine pia, siyaandiki, karatasi ina heshima zake. Wakaondoka. Mpwa wangu kasimama nje kidogo: "Mjomba, mtu haachi kuwa fundi kwa sababu ya masikio." Nani kamuuliza?

Alasiri kaja mdogo wangu peke yake. Nikampa hedifoni bila neno. Huyu hana wivu wala simu. Kasikiliza akiwa amefumba macho. Nilimwangalia usoni kama ninayesubiri hukumu ya wizi wa mbuzi.

"Kaka, upo."

"Hata wewe?"

"Upo. Uko juu sana, kama mbu wa chuma."

Nikamwambia dawa za hospitali humlevya mtu. Nikamwambia koo likiumwa, sikio linasingizia. Nikaendelea. Mimi nikianza huwa sina breki, hilo najisifia.

Hakubishana. Kavuta pumzi, akauimba. Ndiyo — mluzi wenyewe! Akaushusha chini, chini kabisa, mpaka kwenye sauti yangu ya uzeeni. "Ndiyo huu," kasema. "Uupandishe ghorofa nyingi. Huko juu ndiko ulipo." Akaanza kukohoa. Kakohoa hadi akashika meza.

Sauti aliyoambiwa aitunze kwa wimbo mmoja. Kaitumia kunionyesha mimi mbu.

Nikamletea maji. Nikasema, "Basi, nyamaza wewe, utanimalizia koo." Kama vile koo ni langu.

Nimesikia alichoimba. Nimekisikia vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefanya kazi bila kuongea. Kidole juu, mluzi upo. Kiganja wazi, umetoka. Mimi nyuma ya zee, mkono mfukoni. Yeye kitini na hedifoni, kama malkia anayesubiri chai.

Nikabadili valvu ya mwisho. Kidole juu. Ya kati. Kidole. Nikalehemu upya waya wa ardhi, safi kuliko siagi ya yeyote. Kidole. Nikaukunja waya wa maikrofoni mbali na transfoma. Kidole, tena kakitikisa.

Bibi Harusi sikumgusa. Nilipita nyuma, mbele, pembeni, nikamruka kama mkwe njiani. Mdogo wangu kaniangalia. Kisha kaangalia soksi pale mezani. Kisha kaniangalia tena. Ananijua tangu hajaota meno.

Nikazima, nikasubiri apoe, nikamtoa. Mahali pake nikaweka valvu moja chakavu, fupi, isiyo na ukoo, sijui hata niliiokota wapi. Nikawasha. Tukasubiri ipate moto.

Kiganja wazi.

Bibi Harusi nimemrudisha kwenye soksi. Ndoa zangu zote zinaishaga hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Naandika huku valvu zinapata moto. Zisipopata moto wa kutosha sauti inatoka na usingizi. Kwa hiyo watu wamesimama wanasubiri na mimi naandika, na kila mtu anaona nina shughuli muhimu.

Tepu nimeifunga. Maikrofoni iko kimo chake. Fundi Saa kasimamisha saa zote za kibandani kwake ili zisigonge. Kajigamba kuwa hajawahi kumfanyia mtu heshima hiyo. Nimemwambia nusu yake zilikuwa zimesimama tayari.

Mpwa wangu kakaa pembeni, mpole kupita kiasi. Simu yake nimeiona. Kaificha rafuni nyuma ya kopo la valvu, anadhani macho nayo yamekufa. Nimelisogeza kopo. Si kwa ajili ya simu. Lilikuwa limekaa vibaya.

Mdogo wangu kavaa gauni la bluu la jukwaani. Kamaliza maji ya moto. Asubuhi hii hajatamka neno hata moja, ananiamrisha kwa nyusi. Kavaa hedifoni asikilize mara ya mwisho. Na mimi nimevaa za kwangu.

Sisikii kitu. Kimya kizuri, kisafi, kama cha Alhamisi. Kimya kile kile kilichonidanganya.

Namtazama mkono. Umeinuka. Vidole vimekunjwa bado.

Kiganja wazi.

Mkono wangu wa kulia una kalamu juu ya kitufe, wa kushoto mfukoni. Tepu itakuwa safi, zee limetengenezwa na mimi, na mtu akibisha mashahidi ninao. Fundi Saa, ukivumilia uongo wake wa dakika tano tano. Mpwa wangu, na kile alichoficha rafuni. Mimi kuhusu mluzi nisiulizwe. Aulizwe mdogo wangu, yule pale wa bluu, anayevuta pumzi. Tena aulizwe leo, ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Nabonyeza.