Aliyeniosha Miguu

Ikonge, Sabato jioni, 1969

Na radhi siombi! Niombe kwa kosa gani? Sabato iliyopita niliuliza tu darasani: ikiwa kunywa chai ni dhambi, mbona kanisa linapokea zaka ya chai tunayochuma? Mzee wa kanisa akaniamuru ninyamaze, na nisiguse meza ya Bwana mpaka nitubu.

Leo nilikwenda hivyo hivyo. Wanawake tulipojitenga kuoshana miguu kabla ya meza, kila mmoja akamshika mwenzake. Nikabaki peke yangu kwenye benchi, viatu nimeshavua, nikijuta kuja.

Ndipo Mama Kerubo, mke wa mzee yule yule, akaja na beseni akapiga magoti mbele yangu.

"Mama, mzee atasema nini?" nikamnong'oneza.

"Lete miguu," akasema, wote wakasikia. "Swali lako ninalo tangu tupande chai. Mdomo ndio sikuwa nao."

Akaniosha taratibu, hata katikati ya vidole. Kisha nami nikamwosha.

Tukarudi ndani tumeshikana mikono. Mzee akanitazama, akamtazama mkewe.

Bado naogopa watanifuta kanisani. Lakini mkate nilikula, na leo aliyenyamaza ni yeye.