Mishipi Iliyotoka Mtwara

Mfaranyaki, Songea
9 Februari 1993

Mume wangu Nassoro,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Siku hizi kila mtu anafungua duka, lakini letu linakwenda.

Mishipi ya kuvulia uliyotuma imefika, ila ilishatumika baharini na chumvi imeigandia. Wavuvi wa Ziwa Nyasa walilalamika kwamba inakwaruza vidole na kukatikia penye fundo. Sasa naiosha kwa maji baridi na kuianika kivulini, inalainika. Wanasema maji ya ziwa hayauharibu mshipi, ila huurefusha kidogo, hivyo samaki akivuta, mkono unachelewa kujua.

Abdulswamadu, dereva aliyeleta mzigo, alikaribia chai. Akaniambia umeoa huko na una mtoto wa kike.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Halima, shemeji."

Nikaliweka birika chini. Tangu tumzike Halima wetu hujalitaja jina lake mbele yangu hata mara moja. Nilidhani umemsahau.

Sitagombana na mke mwenzangu. Ukija Idi, njoo na mtoto. Nataka niite jina hilo, na mtu aitike.

Wasalaam,
Mkeo, Zuhura