Pipa la Papa jikoni

Furaha, mujukuu wangu,

Nakusalimia huko Lubumbashi. Huku Kalemie tuko wazima. Mama yako amerudi juzi toka Nyunzu na mihogo, nauli imeshuka mpaka akashangaa.

Umeniuliza kama zamani esanse, mafuta haya ya injini, ilikuwa na bei nafuu kuliko sasa. Bei yenyewe nimesahau. Ninachokumbuka ni pipa.

Nilikuwa musichana. Papa yangu, mufanyakazi wa bandari, alisikia kwamba esanse itapanda, akanunua pipa zima, akalificha jikoni angoje kuliuza. Toka siku hiyo Mama akakataza moto nyumbani, hata kibatari. Tulipikia uani, mvua inazima makala, tunakula bukari ya unga wa muhogo ambayo haikuiva. Papa anasema, "Muvumilie, huu njo utajiri wetu."

Kumbe bei ikashuka. Papa akarudi toka mujini na habari hiyo, akakaa kitini. Mama alimwangalia, akacheka mpaka akashika mulango.

"Mungu asifiwe! Sasa utoe pipa lako, nipike."

Papa akalisukuma mwenyewe mpaka kwa wavuvi, wakalinunua kwa bei ya siku hiyo. Jioni bukari iliiva vizuri, na yeye aliyekuwa amenuna akaomba kuongezewa mara mbili.

Wiki hii esanse imeshuka tena. Jirani yetu, muuzaji wa esanse ya chupa, ameondoa bidoni zote alizokuwa ameficha chini ya kitanda, analia hasara. Lakini leo asubuhi nimeona moshi jikoni kwake, na muke wake anaimba.

Ubaki na amani, mutoto wangu.

Nkambo yako